Damu kwenye mkojo: kichocho, figo na historia ya kwetu Usukumani



Wiki mbili zilizopita tulipewa kazi ya kuandika juu ya "ugonjwa na jamii" katika historia ya Afrika Mashariki. Darasa zima likakimbilia malale, ndui na ukimwi. Mimi mtoto wa Shinyanga nikachagua mkojo. Nilipotaja mada yangu mbele ya semina watu walicheka mpaka basi, kuna jamaa mmoja hadi leo tukikutana kantini ananiita Profesa Mkojo. Poa tu. Kazi nimeshakusanya, hapa naiweka stori yenyewe kwa lugha yetu, bila tanbihi na bila maneno ya kumfurahisha mwalimu.

Nianze na kitu ambacho kila aliyekulia Usukumani anakijua. Kule kwetu mtoto wa kiume kukojoa damu si habari. Ukichunga ng'ombe unaoga lamboni, unavuka majaruba ya mpunga, unachota maji dimbwini, na siku moja mkojo unaishia na matone mekundu. Kuna wakubwa waliotuambia eti ndiyo dalili ya kuwa mwanamume. Mama zetu walisema kichocho, na mara nyingi mama zetu walikuwa sahihi. Hilo neno "mara nyingi" lishikeni, ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Sasa historia. Mdudu wa kichocho alionekana kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akipasua maiti Cairo mwaka 1851. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kujua anavyoingia mwilini: mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, huko huko Misri, alionyesha kwamba anapitia kwa konokono wa majini. Mwaka 1918 Christopherson akiwa Khartoum alitangaza kuwa ameponya wagonjwa kwa sindano za madini ya antimoni. Sindano zile zilikuwa kali, zinatapisha, na zilipigwa kwenye mshipa kwa wiki kadhaa. Wazee wetu waliotibiwa zamani wana haki ya kuogopa hospitali, jamani.

Kwetu elimu hii ilifika kupitia Mwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliweka pale kituo cha utafiti wa magonjwa, ambacho baada ya Jumuiya ya zamani kuvunjika mwaka 1977 kikaingia kwenye taasisi yetu ya NIMR. Miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa pale walikuwa wanatambaa kwenye madimbwi ya Usukuma kuhesabu konokono. Mmoja wao, Webbe, aliandika mwaka 1962 jinsi kichocho cha mkojo kinavyoenea kwenye vidimbwi vya msimu. Konokono wa huko ana ujanja wake: dimbwi likikauka anajichimbia kwenye matope, anasubiri mvua. Na kumbukeni ndiyo miaka ambayo serikali ilikuwa imetoka kuchimba malambo kila kona chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma wa 1947 mpaka 1956. Maji ya ng'ombe yalipatikana, na konokono nao hawakufukuzwa.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui: kichocho kiko cha aina mbili. Kandokando ya Ziwa, pale Geita na visiwani, kinachotawala ni kile cha tumbo, ambacho damu yake hutoka kwenye choo kikubwa. Kile cha mkojo ni cha ndani zaidi, Shinyanga, Kwimba, Maswa, kwenye mbuga na mpunga. Kwa hiyo mtu akikojoa damu Geita, swali la kwanza lingekuwa ametokea wapi. Lakini tangu dhahabu ilipoanza kuvutia watu, Geita kila mtu ametokea sehemu nyingine, kwa hiyo hata hilo swali halisaidii sana.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa shule ya Usagara, pale Mwanza. Mwaka 1965 Forsyth na Macdonald walichapisha walichokiona walipowapiga eksirei watoto wa shule baada ya kuwachoma dawa inayofanya figo na mirija yake ionekane kwenye picha. Watoto wenyewe walikuwa wanacheza mpira kama kawaida. Lakini ndani, baadhi mirija ya mkojo ilikuwa imeziba kwa makovu ya mayai ya kichocho na figo zimevimba kwa mkojo uliokosa njia. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya shule ya Donge, Zanzibar, na picha ikawa ileile. Mpaka hapo wakubwa wengi serikalini walikuwa wanakiona kichocho kama kaugonjwa ka watoto. Usagara ilionyesha kwamba kinapanda mpaka kwenye figo kimya kimya.

Halafu kuna saratani ya kibofu. Daktari mmoja wa Cairo, Ferguson, aliunganisha kichocho na saratani ya kibofu mwaka 1911. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuja kukiweka rasmi kichocho cha mkojo kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994, yaani miaka 83 baadaye! Na mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kanda yetu: karibu nusu ya vinyama vilivyopimwa vilikuwa na mayai ya kichocho ndani yake. Hiyo ndiyo Kanda ya Ziwa.

Kwa hiyo damu kwenye mkojo kwetu ina historia ndefu, ya kweli na iliyothibitishwa, na jina lake ni kichocho. Tatizo langu linaanzia hapohapo. Jibu likishakuwa sahihi kwa miaka mia, watu huacha kuuliza swali.

Figo nayo hupata saratani yake yenyewe, isiyohusiana na kichocho. Upasuaji wa kwanza uliopangwa wa kutoa figo ulifanywa na Gustav Simon huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1869. Mgonjwa wake hakuwa na saratani, alikuwa mama mwenye mrija wa mkojo uliotoboka. Simon alitoa kwanza figo za mbwa ili kujua kama kiumbe anaweza kuishi na moja. Mbwa wakaishi, mama naye akaishi. Mwaka 1883 Mjerumani mwingine, Paul Grawitz, alitazama uvimbe wa figo kwa hadubini akasema umetokana na mabaki ya tezi iliyo juu ya figo. Alikosea, lakini jina lililotokana na kosa lake likabaki vitabuni miaka na miaka. Mwaka 1960 ndipo hadubini ya elektroni ilipoonyesha kwamba uvimbe unatoka kwenye vijirija vya figo yenyewe.

Vitabu vilifundisha dalili tatu: damu kwenye mkojo, maumivu ubavuni, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Lakini zote tatu kwa pamoja huonekana kwa mgonjwa chini ya mmoja kati ya kumi, na akifika na zote tatu mara nyingi ameshachelewa. Waliobaki wanakuja na sura za ajabu. Mmoja ana homa isiyoisha. Mwingine anakonda, damu imepungua. Mwingine kinyume chake, damu imezidi, kwa sababu uvimbe unatoa homoni inayoamrisha mifupa izalishe chembe nyekundu. Mwingine presha inapanda. Mwingine kalisiamu imejaa kwenye damu, hapati choo na anaongea vitu visivyoeleweka. Mwaka 1961 Mmarekani Stauffer alieleza wagonjwa ambao vipimo vya ini vilikuwa vibaya wakati ini halina saratani hata kidogo, na figo ilipotolewa ini likatulia. Wengine dalili yao ya kwanza ni mfupa uliovunjika kwa kitu kidogo, au kukohoa damu, kwa sababu uvimbe umeshahamia kwenye mifupa au mapafu.

Sasa zichukueni dalili hizo mzipeleke Geita. Homa isiyoisha ni malaria, ikikataa ni taifodi. Kukonda na kukohoa damu kwa mtu wa mashimoni ni kifua kikuu, na hapo wala huwezi kumlaumu mtu, maana vumbi la mwamba linaharibu mapafu na kifua kikuu kwa wachimbaji ni kingi kweli. Mfupa kuvunjika? Huyo kaangukiwa na jiwe. Presha ni mawazo. Na damu kwenye mkojo ni kichocho. Kila dalili ya saratani hii ina mwenyeji wake kule, ameshakaa kwenye kiti chake, na mgeni akija hakuna anayemwona.

Mjomba wangu alikuwa mchimbaji mdogo. Alianza kukojoa damu mwaka 2018, akapewa vidonge vya kichocho kwenye zahanati moja ya kulipia, damu ikakata. Hapa ndipo pa kusikiliza vizuri: saratani ya figo inavuja na kuacha. Inaweza kukaa kimya miezi bila dawa yoyote. Kwa hiyo kidonge kilipewa sifa ambayo haikuwa yake. Ikarudi, akameza tena, ikakata tena. Wakati huohuo mishipa ilikuwa imevimba kwenye korodani la kushoto, naye akanyamaza kwa aibu, akidhani ni ngiri. Baadaye nimesoma kwamba mshipa wa korodani la kushoto unamwaga damu yake kwenye mshipa wa figo ya kushoto, na uvimbe ukiziba pale, damu inarudi nyuma. Yaani mwili ulikuwa umeshaandika jibu, pahali ambapo mwanamume wa kwetu hamwonyeshi mtu. Alikuja kupigwa altrasaundi kwa sababu ya kikohozi na maumivu ya ubavu baada ya makohozi kupimwa na kukosa kifua kikuu. Figo ilitolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia. Tulimzika 2021.

Msibani watu walisema ni zebaki. Nimelifuatilia hilo pia. Wachimbaji wadogo wanachanganya zebaki na unga wa mwamba, halafu wanaichoma kwa moto ili ibaki dhahabu, na moshi wanauvuta. Rwamagasa, mkoani Geita, ilikuwa moja ya sehemu ambazo Umoja wa Mataifa ulichunguza afya za wachimbaji miaka ya 2000 kwa ajili hiyo. Zebaki inatikisa mikono, inaharibu mishipa ya fahamu, na inaumiza vichujio vya figo, hilo halina ubishi. Lakini kuumiza figo na kuleta saratani ya figo ni mambo mawili, na la pili halijathibitishwa. Vinavyojulikana kuongeza hatari ni sigara, unene na presha ya muda mrefu. Mjomba alivuta sigara tangu ujana wake. Zebaki tuichukie kwa makosa yake yenyewe, yanatosha.

Na asidhani mtu kwamba ni suala la umaskini tu. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikufa palepale Mwadui mwaka 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Huyu ni mtu aliyempa Malkia Elizabeth almasi ya waridi kama zawadi ya harusi. Saratani haikumwangalia mfukoni.

Haya, sehemu iliyonikosesha usingizi ni hii ifuatayo. Kuna saratani ya figo ambayo haisubiri uzee. Mwaka 1995 wataalamu watatu wa Washington, Davis, Mostofi na Sesterhenn, walikusanya wagonjwa zaidi ya 30 wa uvimbe wa ajabu unaotokea katikati ya figo. Karibu wote walikuwa vijana, kati ya miaka 11 na 39, weusi, na wenye vinasaba vya selimundu. Si lazima uwe mgonjwa wa selimundu. Ile hali ya AS, ya kubeba kinasaba kimoja tu na kuishi vizuri bila kujua, ndiyo walikuwa nayo wengi. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, na hapo chembe za damu zenye selimundu hujipinda hata kwa mtu mzima wa afya. Wenyewe waliuita ugonjwa wa saba wa figo unaoletwa na selimundu.

Sasa tuunganishe na kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye kinasaba kimoja cha selimundu wanapata kinga dhidi ya malaria kali. Alianza kuligundua baada ya kuona kwamba kinasaba hicho ni kingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, halafu kichache kwenye nyanda za juu. Mbu ndiye aliyetuchagulia damu. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopima sampuli za damu za watoto zaidi ya 17,000 wa Kanda ya Ziwa, uliona kwamba takribani mtoto mmoja kati ya watano anabeba kinasaba hicho. Chukua darasa la watoto 60 hapo Kahama, 12 wanacho.

Msipaniki. Saratani hii ni nadra sana, na karibu wote wenye AS watazeeka bila kuiona. Tena hali ya AS yenyewe inaweza kutoa damu kwenye mkojo bila saratani yoyote, na mara nyingi huisha. Lakini oneni jinsi historia inavyocheza: kijana wa Shinyanga wa miaka 20 anayekojoa damu ana angalau maelezo matatu, na zahanati ina kidonge cha moja tu.

Nimelifikiria sana lile neno la vitabuni, "dalili zisizo za kawaida". Zisizo za kawaida kwa nani? Ulaya mtu mzima akikojoa damu bila maumivu, daktari anashtuka, anatafuta saratani siku hiyohiyo. Kwetu dalili hiyohiyo ni ya kawaida kiasi kwamba inaficha. Na uvimbe wa vijana wenye selimundu haukuwa na jina mpaka 1995, kwa sababu waliokuwa wanaandika vitabu waliangalia damu isiyo na historia ya malaria kama yetu. Hapa mwalimu wangu ameandika alama ya kuuliza kubwa pembeni. Msimamo wangu haujabadilika.

Kwenye tiba nitapita haraka. Saratani ya figo ikiwa bado ndani ya figo, dawa yake ni kisu, na anayewahi anaweza kupona kabisa. Mionzi na zile dawa za kawaida za saratani hazijawahi kuiweza vizuri. Wazee wetu walikuwa wanasafirishwa Dar es Salaam, wengi mpaka Ocean Road, ile hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, imepunguza hiyo safari, na sasa ina idara yake ya saratani. Kuanzia 2005 zilianza kuingia sokoni duniani dawa zinazoziba mishipa inayolisha uvimbe, na baada ya hapo dawa za kuamsha kinga ya mwili. Zinaongeza miaka kwa watu wengi, ila bei yake ukiisikia unaomba maji ya kunywa. Ule uvimbe wa vijana wenye selimundu ni mkali kupita yote, wengi hugundulika umeshasambaa na hawamalizi miaka miwili.

Kwa hiyo kwetu mchezo wote uko mwanzoni, kwenye ile siku ya kwanza ya damu. Kupima mkojo kwa hadubini ni rahisi: yai la kichocho cha mkojo lina mwiba kwenye ncha, na huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndio muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Kuna mayai? Meza dawa, kisha rudi upimwe tena. Hakuna mayai, au dawa umemeza na damu imerudi, au una zaidi ya miaka 40, basi omba altrasaundi. Haina sindano, haiumi, ni jeli ya baridi tumboni.

Na hapa ndipo sisi watu wa ualimu tunapoingia. Anayegawa dawa za kichocho mashuleni ni mwalimu. Unapewa fito yenye alama, mtoto anasimama, urefu wake ndio unaokuambia vidonge vingapi vya prazikwanteli. Kazi hii si ya kubeza, imeokoa figo nyingi kama zile za Usagara. Ina historia yake chungu pia: mwaka 2008 Morogoro watoto walipopata kichefuchefu na maumivu ya tumbo baada ya dawa, wazazi walivamia shule kwa hasira, kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema. Lakini ile fito haiulizi swali. Mtoto anapimwa, anameza, anaweka tiki, foleni inasogea.

Mazoezi ya kufundisha nimeomba Shinyanga vijijini. Nimeshanunua kaunta buku ndogo. Wiki nne baada ya siku ya dawa nitawaita wavulana pembeni, na wasichana nitamwomba mwalimu wa kike awaite, tuwaulize nani bado anaona damu. Jina, darasa, tarehe. Hao ndio nitawasindikiza mwenyewe kwenye kituo cha afya, saa sita mchana.